555, 4060, Arduino au kengele ya simu: taimu ipi ya kuifungia zapa?

Zapa ni kitu kidogo: betri ya volti 9, aisii (chipu ndogo yenye miguu) moja ya 555, rezista chache, na vipande viwili vya bomba la shaba vya kushika mkononi. Aliyeipa umaarufu miaka ya 1990 ni Hulda Clark, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa na kliniki Tijuana, Mexico, akidai kwamba umeme wake wa kilohezi 30 hivi unaua vimelea mwilini. Utaratibu wake unajulikana na kila anayeitumia: shika dakika 7, pumzika dakika 20, shika tena 7, pumzika 20, malizia na 7 nyingine. Jumla dakika 61. Kuunda zapa yenyewe ni kazi ya jioni moja. Kinachowasumbua watu ni hiyo saa: nani atahesabu?

Hapa Mwanza njia za kuhesabu ni kama sita, na kila fundi ana yake anayoitetea. Nitazilinganisha, lakini kwanza niseme jambo ambalo litaamua mshindi.

Hakuna utafiti wa kitabibu ulioonyesha kwamba zapa inaua minyoo, bakteria au saratani. Clark mwenyewe, aliyedai kuwa na tiba ya saratani zote, alifariki mwaka 2009 kwa saratani ya uboho. Kwetu pwani ya Ziwa jambo hili lina uzito wake, kwa sababu vimelea tunavyo kweli. Anayeoga Luchelele au Igombe, mvuvi anayeingia majini kila siku, mtoto wa Ukerewe anayechota maji kwenye matete, wote wako kwenye hatari ya kichocho cha tumbo. Minyoo ile haikai juu ya ngozi wala haielei ndani ya utumbo. Imejibanza kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, jike na dume pamoja, na inaweza kuishi huko miaka. Dawa yake ni praziquantel, inayopimwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo moja ya mwili, na ugonjwa wenyewe hupimwa kwa choo. Ukiwa na damu kwenye choo au tumbo limejaa, nenda kituo cha afya kwanza. Zapa ibaki kuwa jambo lako la kujifunza umeme au la kujipumzisha, si mbadala wa kidonge.

Sasa linaingiaje kwenye taimu? Hivi: kama dakika 7 hazikutoka kwenye utafiti wowote, hakuna sababu ya kulipia saa inayopiga 7 kamili badala ya 7 na nusu. Watu hutumia pesa kwenye usahihi wa sekunde ambao hauna maana yoyote hapa. Cha kuuliza kuhusu kila saketi ni kingine kabisa: ikiharibika, inaharibika upande gani? Inabaki imezima au inabaki imewaka huku mtu amesinzia na mabomba mikononi? Na betri itadumu kiasi gani?

Jambo lisilo na mjadala: betri tu

Kuna wanaotaka kuiwasha zapa kwa chaja ya simu au adapta, kisha kuweka ile taimu ya kuchomeka ukutani kati ya soketi na adapta. Taimu hizo za ukutani ni nzuri kwa taa ya nje au hita, lakini hapa zina kasoro mbili. Ya kwanza ni ndogo: nyingi zina vijino 96 kwa saa 24, yaani kijino kimoja ni dakika 15, kwa hiyo dakika 7 haziwezi hata zikitaka. Na umeme wa TANESCO ukikatika, saa yake inasimama, ukirudi inaendelea kutoka pale pale, ratiba yote imesogea.

Kasoro ya pili ndiyo inayoua. Mtu anayeshika zapa ameshika chuma kwa mikono yote miwili, na njia ya umeme kutoka mkono hadi mkono inapita kifuani. Adapta za bei ya chini zina utenganisho dhaifu kati ya upande wa volti 230 na upande wa volti 9. Siku utenganisho huo ukipasuka, mabomba ya shaba ndiyo yanayopokea. Vile vivunja umeme vya usalama vinavyofungwa majumbani vimewekewa kiwango cha miliampia 30, maana juu ya hapo moyo uko hatarini. Zapa ya betri, hata ukigusanisha mabomba yenyewe kwa yenyewe, ile rezista ya 1k (omu 1,000) iliyo mbele ya mabomba hairuhusu zaidi ya miliampia 9, na ukiweka mwili katikati ni chini ya hapo sana. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya betri isiwe suala la kubana matumizi. Nyumba ambayo taa zinapepesa mvua ikianza, na waya wa ardhini hakuna anayejua kama umefika ardhini, si mahali pa kufanyia mzaha.

Kwa hiyo taimu ya ukutani nimeitoa kwenye orodha. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mjamzito, au mwenye kifafa, asiishike zapa kabisa, taimu iwe nzuri namna gani.

555 ya pili

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni hili: kama 555 moja inatoa yale mapigo ya kilohezi, si niongeze 555 nyingine ihesabu dakika? Aisii yenyewe inapatikana kwa kila fundi redio, kuanzia waliokaa na meza zao Makoroboi hadi Igoma. Iliundwa na Hans Camenzind mwaka 1971 kwa kampuni ya Signetics, ikatoka sokoni 1972, na mpaka leo haijapata mpinzani kwa urahisi. Kanuni yake haina utata: muda ni 1.1 mara rezista mara kapasita. Kwa dakika 7, yaani sekunde 420, ukichukua kapasita ya maikrofaradi 470 unahitaji rezista ya karibu 812k. Chukua 820k, utapata sekunde 424. Karatasini imekwisha.

Mezani mambo yanageuka. Kapasita za elektroliti, zile za mviringo zenye mstari wa hasi ubavuni, kwa kawaida zinaruhusiwa kupotoka asilimia 20 juu au chini. Hapo dakika zako 7 ni chochote kati ya 5 na nusu na 8 na nusu. Hilo si tatizo. Nimeshasema usahihi hauna maana. Tatizo ni uvujaji. 555 inasubiri kapasita ijae hadi theluthi mbili za volti za betri, yaani volti 6. Inapokaribia hapo, kinachobaki cha kusukuma ni volti 3 kupitia 820k, na hiyo ni maikroampia 3.7 tu. Kapasita ya maikrofaradi 470 ya volti 16 inaruhusiwa na watengenezaji wengi kuvuja hadi maikroampia 75. Mpya na nzima huvuja kidogo sana kuliko hapo, lakini iliyotolewa kwenye redio ya zamani, au iliyokaa dukani miaka kadhaa kwenye joto, inaweza kuvuja maikroampia 4 bila aibu. Ikifika hapo, inachopokea ndicho inachomwaga. Volti zinapanda hadi 5 na kitu, zinasimama, na 555 inasubiri hadi kesho. Ni ndoo iliyotoboka chini ya bomba linalodondosha: haijai kamwe.

Na angalia upande inaokosea: wakati kapasita inajaa, zapa imewaka. Isipojaa, zapa haizimi. Ukitaka kuliona hili kwa macho, weka mita kwenye volti DC, ncha moja hasi, nyingine mguu wa 6, utazame namba zikipanda haraka mwanzoni, kisha polepole, kisha zikigoma. Lakini jihadhari, mita nyingi za kawaida zina ukinzani wa megaomu 10 au chini, na ile ya bei rahisi ya 1M inavuja kuliko kapasita yenyewe, kwa hiyo pima kwa kugusa na kuachia, usiiache imegandishwa.

Unyevu wa ziwa unaongeza lake. Penye rezista ya 820k, mabaki ya fluksi yasiyosafishwa kati ya miguu ya aisii yanatosha kuwa njia nyingine ya umeme asubuhi yenye ukungu. Kama umeng'ang'ania 555, safisha bodi kwa spiriti na mswaki, nunua kapasita mpya. Pia 555 ya dakika 7 inakupa kipindi kimoja tu. Vile vipindi vitatu na mapumziko vinataka 555 ya tatu au mkono wako kwenye kitufe.

4060, ambayo ningeifunga mimi

Ukiiweka 4060, ambayo ni aisii ya kuhesabu, kando ya 555, tofauti ni ya fikra. 555 inajaribu kusubiri dakika 7 kwa pumzi moja. 4060 inapiga hatua ndogo za sehemu ya sekunde na kuzihesabu. Ndani yake kuna osileta (sehemu inayotoa mapigo) na vigawanyio 14, kila kimoja kikigawa kwa mbili. Kwa kuwa hatua ni fupi, kapasita inakuwa ndogo, ya seramiki au ya filamu, isiyo na uvujaji wa kutisha. Ugonjwa mkuu wa 555 umeondoka wenyewe.

Kuna jambo zuri sana kuhusu namba 7 na 20 ambalo sijui kwa nini watu hawalitumii. Tazama matokeo mawili ya mwisho ya 4060, yale ya mguu wa 2 na mguu wa 3. Mzunguko mzima wa mguu wa 3 ukiugawa mara nne, robo ya kwanza ndiyo pekee ambayo miguu yote miwili iko chini. Fanya mzunguko mzima uwe dakika 28: robo ya kwanza ni dakika 7, robo tatu zilizobaki ni 21. Dakika 7 kuwaka, 21 kuzima, inajirudia bila kuguswa. Ile dakika moja ya ziada ya mapumziko haimdhuru mtu.

Hesabu yake: robo ni hatua 4096, kila hatua iwe sekunde 0.1025. Muda wa hatua ni 2.3 mara rezista mara kapasita. Kwa kapasita ya maikrofaradi 0.22, rezista inatoka karibu 203k; weka 180k ikifuatana na rezista ndogo ya 50k ya kuzungusha kwa bisibisi, urekebishe. Rezista hiyo inatoka mguu wa 10, kapasita inatoka mguu wa 9, na rezista ya 1M inatoka mguu wa 11. Zote tatu zinakutana sehemu moja. Kapasita hapa isiwe ya elektroliti, maana volti zake zinageuka chanya na hasi kila hatua.

Kuunganisha na zapa ni hivi. Toa dayodi 1N4148 kutoka mguu wa 2 na nyingine kutoka mguu wa 3, ncha zake zenye mstari zikutane, kutoka hapo rezista ya 47k kwenda beisi ya transista BC547, na 100k kutoka beisi kwenda hasi. Emita hasi. Kolekta iende mguu wa 4 wa ile 555 ya zapa, ambao kwanza umeutoa kwenye chanya na kuurudishia chanya kupitia 10k. Mguu wowote wa 4060 ukiwa juu, transista inavuta mguu wa 4 wa 555 chini, na 555 ikishikwa hapo tokeo lake linalala kwenye hasi: mabomba hayana kitu. Miguu yote miwili ikiwa chini, transista inaachia, zapa inafanya kazi. Ili kuhesabu kuanze sifuri kila ukiwasha, weka kapasita ya maikrofaradi 0.1 kutoka chanya kwenda mguu wa 12 na 100k kutoka mguu wa 12 kwenda hasi.

Kurekebisha hakuhitaji kukaa na saa dakika 28. Weka LED na rezista ya 4.7k kwenye mguu wa 15, washa, hesabu kwa simu. Mguu huo unapanda mara ya kwanza baada ya hatua 512, ambazo ni moja ya nane ya dakika 7. Ikiwaka kwenye sekunde 52 na nusu, umefika; zungusha bisibisi, zima, washa, pima tena.

Anayetaka isimame yenyewe baada ya kipindi cha tatu aongeze aisii moja, 4017. Mguu wa 3 wa 4060 uende mguu wa 14 wa 4017. Mguu huo wa 4060 unapanda dakika ya 14, ya 42 na ya 70. Kwa mpando wa tatu, mguu wa 7 wa 4017 unakuwa juu. Uunganishe na mguu wake wa 13 ili hesabu igande hapo hapo, na utoe dayodi ya tatu kwenda pale dayodi nyingine zinapokutana. Kipindi cha tatu kinaisha dakika ya 63, cha nne kingeanza ya 84, na dakika ya 70 mlango umeshafungwa. Mguu wa 15 wa 4017 ushiriki na mguu wa 12 wa 4060 ile reseti ya kuwasha. Miguu hiyo ikiharibikia juu, inaharibikia upande wa kuzima, na hilo ndilo tunalolitafuta. Kimojawapo kinachoweza kuiacha imewaka ni osileta kufa katikati ya robo ya kwanza, kwa mfano solda baridi ya mguu wa 9 au wa 10, kwa hiyo solda hizo ziangalie kwa makini, ziwe zinang'aa na zimekumbatia mguu.

Kulalamikia 4060? Upatikanaji. Si kila meza ya fundi inayo. Ukikosa mjini, mtu wa Kariakoo anaitupia kwenye bahasha, inapanda basi la usiku, unaipokea stendi ya Nyegezi, na nauli ya bahasha inaweza kuzidi bei ya aisii kumi. Basi agiza kumi.

Arduino dhidi ya 4060

Kijana aliyesoma chuo atasema haya yote ya miguu na dayodi ni mambo ya wazee. Arduino, ile bodi ndogo inayoandikiwa programu, inamaliza kazi kwa mistari michache. Hasemi uongo. Arduino, iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, itahesabu 7, 20, 7, 20, 7 kamili, itasimama, itapiga kengele, itawasha LED ya kijani na nyekundu. Amri ya tone inaweza hata kutoa mapigo ya hezi 30,000 yenyewe, ukaitupa 555 pia, ingawa tokeo lake ni volti 5, si 9. Ukibadilisha mawazo ukataka dakika 10, unabadilisha namba moja.

Linganisha sasa na betri mkononi. Betri ya volti 9 ya alkali ina miliampia-saa 500 hivi. Arduino Uno peke yake, bila kufanya chochote, inakula karibu miliampia 45 hadi 50, nyingi zikiishia kuwa joto kwenye kishusha volti chake. Hizo ni kama saa 10, yaani ule utaratibu mzima wa dakika 61 mara kumi hivi, betri imekwisha. 4060 inakula chini ya miliampia 1. Mlaji mkubwa pale ni 555 yenyewe, na hata huyo unaweza kumbadilisha kwa TLC555 ambayo haifiki nusu miliampia. Kwa betri zinazouzwa mtaani, ambazo nyingi si za alkali, tofauti inakuwa kubwa zaidi.

Upande wa kuharibika, Arduino inategemea aliyeandika programu. Programu ikining'inia wakati tokeo liko juu, litabaki juu. Kuna kinga, ile saa ya mlinzi ya ndani inayoirudisha mwanzo ikikwama, lakini lazima uiwashe kwa makusudi, na wengi hawaiwashi. Zaidi ya hapo, ikirudi mwanzo inaanza kipindi upya, isipokuwa umeandika vinginevyo. Fundi wa Mabatini atakayeletewa kifaa hicho mwaka kesho hawezi kukitengeneza bila kompyuta na bila programu yako. 4060 ataipima kwa mita.

Kama unayo Arduino tayari na unataka kujifunza programu, itumie, mezani, kwa kebo ya kompyuta, ukiwasha LED badala ya mabomba. Narudia: kompyuta ndogo iliyochomekwa kwenye chaja yake ni umeme wa ukutani kwa njia nyingine. Usishike mabomba yaliyounganishwa nayo.

Moduli za relei

Zile bodi za bluu zenye relei na tarakimu nyekundu, unaweka muda wa kuwaka na wa kuzima kwa vitufe, zinavutia kwa sababu hakuna kulehemu. Ni saketi nzuri kwa kazi nyingine. Kwa zapa zinashindwa kwenye betri: relei ya kawaida ya volti 5 inavuta karibu miliampia 70 muda wote imeshika, ya volti 12 karibu 30, na betri ya volti 9 haikuumbwa kwa hilo. Unakuta mtu kaweka relei yenye uwezo wa ampia 10 kukata mkondo wa miliampia 2.

Zina sifa moja ninayoiheshimu. Betri ikiisha, relei inaachia, mabomba yanakatika kabisa, chuma na chuma vimeachana. Mwenye betri ya bodaboda au ya sola ndogo ya volti 12, isiyochajiwa wakati huo huo, anaweza kuifikiria.

Kengele ya simu

Mama mmoja alimuuliza fundi pale anapokaa: "Fundi, hii itazima yenyewe nikisinzia?" Akajibiwa: "Mama, hii haina taimu. Weka kengele ya simu, ikilia achia mabomba." Mama akasema: "Nikisinzia mwanangu, si yatadondoka yenyewe?"

Yule mama amegusa saketi ya usalama bora kuliko zote nilizoeleza, na haina hata aisii moja. Ukishika kwa viganja, usingizi unakufungua mikono. Tatizo linakuja kwa wale wanaojifunga mabomba kwa mpira kifundoni, au wanaokanyaga sahani za shaba ili mikono iwe huru kushika simu. Hapo hakuna kinachodondoka. Umeme wa zapa huwa haugeuki kwenda hasi. Unapiga na kurudi sifuri, maana yake kuna mkondo wa upande mmoja unaopita kwenye ngozi muda wote. Ukikaa sehemu moja saa nzima juu ya kitambaa chenye maji ya chumvi, ngozi chini ya shaba inawasha, inakuwa nyekundu, na inaweza kutoka vidonda vidogo. Dalili ya awali ni ile rangi ya kijani inayobaki kwenye kitambaa.

Kwa hiyo simu inamtosha anayeshika kwa mikono na anayekaa macho. Haigharimu kitu. Anayejifunga ndiye anayehitaji 4060 na 4017, na kwake sitamshauri kitu kingine.

Anayetafuta nafuu ya maumivu

Wapo wanaounda zapa kwa sababu mgongo unauma au bega limeshika. Hao wanachanganya vifaa viwili. Kifaa cha TENS, kinachotumiwa na watu wa fiziotherapia, kinatumia masafa ya chini sana, mara nyingi kati ya hezi 2 na 150, kupitia pedi za kubandika, na tafiti zake zipo, nyingine zikionyesha nafuu na nyingine hapana. Karibu vyote vinakuja na taimu yake ndani. Nenda Bugando au hospitali iliyo karibu uulize kitengo cha fiziotherapia kabla hujashika solda. Na ukifikiria kuunda zapa za kuuza ukidai zinatibu, jua kwamba vifaa tiba viko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Bodi ikibaki bila kazi

Sababu nyingine ya kuipendelea 4060 ni kwamba haifungwi na zapa. Kuna siku mabomba yatawekwa kabatini na bodi itabaki. Ile kolekta ya BC547 yenye 10k kwenda chanya, badala ya kuipeleka mguu wa 4 wa 555, ipeleke geti la MOSFET (transista ya kubeba mkondo mkubwa) ya IRFZ44N, yote kwenye betri ya volti 12, na una swichi inayowasha robo ya muda na kuzima robo tatu. Inafaa kwa pampu ndogo ya kumwagilia sukuma wiki kutoka pipa, au feni ya kupulizia chanja cha dagaa. Tokeo la Arduino la volti 5 lingekulazimu kutafuta IRLZ44N, inayofunguka kwa volti chache.

Kubadilisha muda ni kubadilisha kapasita na rezista: maikrofaradi 1 isiyo na upande wa chanya na hasi pamoja na 1M zitakupa robo yenye urefu wa saa 2 na dakika 37 hivi. Ile rezista ya mguu wa 11 nayo ipandishe, iwe angalau mara mbili ya hiyo. Kwa pampu au feni, weka dayodi 1N4007 sambamba na mota, mstari wake uelekee chanya, ili volti zinazoruka mota inapozimwa zisiue MOSFET siku ya kwanza.